Kinundu laini kwenye ulimi wa baba kilikuwa mafuta: someni kabla hamjakatwa

Nyathi_Ahero

Wanajamvi, salaam nyingi. Uzi huu ni mrefu, nivumilieni. Wakati baba alipokuwa na shida ya ulimi nilitafuta usiku kucha habari kwa Kiswahili, na kila nilichofungua kilinena saratani. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulimi unaweza kuota donge la mafuta matupu lisilo na ubaya. Nawawekea hapa yaliyotukuta ili familia nyingine isikeshe kama sisi tulivyokesha.

Baba ni mwalimu mstaafu, tuko upande wa Ahero, umri umeshapita sitini. Sigara hajawahi kuvuta, ugoro hajawahi kunusa. Upande wa kushoto wa ulimi wake, karibu na mbele, palikuwa na kinundu. Yeye alikijua miaka mingi na hakumwambia mtu, kwa sababu hakikuuma na kilikua polepole mno. Sisi tuligundua pale alipoanza kujiuma akila, na siku akisoma somo kanisani maneno yenye "s" na "z" yakawa yanamponyoka. Mzee aliyefundisha watoto kusoma maisha yake yote, mjue hilo lilimuumiza kuliko kinundu chenyewe.

Nilimwomba atoe ulimi nje kwenye mwanga wa jua. Donge lilikuwa la ukubwa wa njugu mawe iliyokomaa, manjano iliyofifia, ngozi ya juu nyororo, na vimishipa vyembamba vya damu vikionekana juu yake. Nilinawa mikono nikaligusa: laini, linabonyea, linasogea kidogo. Hakuna kidonda, hakuna damu, hakuna harufu.

Maneno yakaanza. Jirani akasema ni chira, kuna mwiko wa boma umevunjwa. Binamu yangu akafungua kundi la WhatsApp la mchango wa saratani kabla hata ya daktari kusema neno. Shangazi akasema kuna mzee huchoma vimeo kwa chuma cha moto, tumpeleke huko akafutwe hicho kitu mara moja. Baba akakaa kimya tu. Ni mama aliyeamua: hospitali kwanza.

Tulianzia kituo cha afya. Klinikal ofisa akamtazama kwa tochi, akamshika shingoni, akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ile sote tunaiita Russia, kitengo cha meno. Mama akauliza, "Meno yanahusiana nini na ulimi?" Naye akamjibu vizuri: madaktari wa upasuaji wa mdomo na taya ndio wanaoshughulikia ulimi, fizi, mashavu na tezi za mate. Wengi hatulijui hili, tunahangaika kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Daktari wa upasuaji alichukua muda. Alipapasa ulimi kwa vidole viwili, kimoja juu na kingine chini. Alitafuta tezi zilizovimba shingoni na chini ya taya. Akauliza kuhusu tumbaku, pombe, uzito, presha, sukari, na dawa anazomeza. Akasema, "Mzee, nadhani hii ni lipoma, uvimbe wa mafuta. Kwenye ulimi ni nadra. Lakini mimi nadhani, maabara ndiyo itakayosema." Akaagiza ultrasaundi, kisha tukapewa siku ya upasuaji.

Ulifanywa kwa ganzi ya sindano, baba akiwa macho. Daktari alipasua ngozi ya juu, akalitenganisha donge polepole na misuli, likatoka zima na ngozi yake nyembamba ikiwa imelizunguka. Akashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kisha akatuita kuona chupa yenye dawa ya kuhifadhia donge. Donge lilikuwa linaelea juu ya dawa! Nyama ya kawaida huzama, akasema, mafuta ni mepesi kuliko hiyo dawa. Hata hivyo hakututangazia ushindi. Akafunga chupa, akaandika jina la baba na upande wa ulimi, akaituma maabara.

Majibu yalisema: seli za mafuta zilizokomaa, zimezungukwa na utando mwembamba, hakuna dalili ya saratani. Mama alisoma ile karatasi mara kadhaa hapo kwenye benchi.

Ninachowaomba ni kimoja. Kitu chochote kikitolewa mdomoni mwako au mwa mzazi wako, usiondoke kabla hujahakikisha kimekwenda maabara. Chochote. Hata kama daktari ana uhakika, hata kama kimeelea.

Boda_Kondele

Pole kwa mzee, na hongera kwa mama kwa msimamo. Gharama ilikuwaje? Sisi wa kutafuta riziki kila siku tukisikia "upasuaji" tunageuza pikipiki.

Nyathi_Ahero

Ndugu, usigeuze. Siwezi kukupa bei kwa sababu kila hospitali ina yake, ila jua kwamba ni bili za aina tatu: kuonana na daktari pamoja na picha, upasuaji wenyewe, na maabara ya patholojia, yaani ya kupima nyama iliyotolewa. Uliza kila moja mapema, tena kwa maandishi ikiwezekana. Baba alikuwa ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na nilienda dirishani kabla ya siku ya upasuaji kuuliza inalipa nini hasa. Hiyo ya maabara ndiyo watu huiruka wakiona ni nyongeza. Afadhali uahirishe upasuaji ukachange hela ya maabara kuliko kutolewa donge likatupwa. Kinundu cha aina hii hakikimbii.

Dkt_Meno_Kakamega

Nimesoma tangu juu. Mimi ni daktari wa meno, na nimefurahi kuona mtu ameeleza hatua kwa hatua namna hii. Niruhusuni niongeze upande wa kitabibu, kwa sababu wengi watasoma uzi huu wakiwa na hofu.

Lipoma ni uvimbe wa seli za mafuta zilizokomaa. Mwilini ni jambo la kawaida sana: mgongoni, begani, kwenye paja, shingoni. Pengine mwenzako ana moja na hujui. Mdomoni ndiko hupatikana kwa uchache. Vitabu vyetu huweka lipoma kati ya asilimia 1 na 4 ya uvimbe wote usio wa saratani wa mdomoni, na ndani ya mdomo penyewe mahali pake pa kawaida ni shavuni. Ulimini ni nadra zaidi. Kwa hiyo daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi na akaziona chache tu. Si jambo jipya lakini: Roux alieleza donge la manjano la namna hii kwenye fizi mwaka 1848.

Mgonjwa kwa kawaida ana zaidi ya miaka 40. Uvimbe hukua polepole, hauumi, ni laini, na ukiwa karibu na ngozi huonekana wa manjano kama alivyosimulia mwenye uzi. Ukiwa umezama ndani ya misuli, rangi haionekani, unakuwa kama ulimi wa kawaida uliovimba. Nyingi hazizidi sentimita 3. Zikikua zaidi ndipo mtu hushindwa kutafuna vizuri, matamshi yanabadilika, au akilala anakoroma kwa sababu ulimi umejaa.

Sasa, kwa nini hatuwezi kumaliza kazi kwa macho? Kwa sababu ulimi unaota mambo mengi yanayofanana. Kuna nyama ya kovu inayotokana na kujiuma mara kwa mara, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kuliko zote. Kuna vifuko vya mate, vyenye rangi ya samawati, ambavyo hupasuka vikarudi. Kuna mafundo ya mishipa ya damu. Kuna uvimbe wa neva, yaani mishipa ya fahamu. Kuna uvimbe unaoitwa wa seli za chembechembe, ambao makao yake makuu mwilini ni ulimi, na juu yake ngozi inaweza kunenepa hadi mtu asiyekuwa makini akadhani ni saratani. Na kuna saratani yenyewe, ambayo nayo siku za mwanzo haiumi.

Lipoma nazo si za aina moja. Kuna zenye nyuzi nyingi ndani, kuna zenye mishipa mingi ya damu, na kuna inayojipenyeza katikati ya misuli bila utando wa kuizunguka. Hii ya mwisho ndiyo inayotusumbua, kwa maana ukiitoa nusu hurudi. Ile yenye utando, ikitolewa nzima, kurudi ni nadra sana. Karatasi ya maabara ndiyo inayokuambia unayo ipi, na ndiyo inayoamua mgonjwa afuatiliwe kwa muda gani.

Pia ipo saratani ya seli za mafuta. Ulimini ni adimu mno, siwatishi. Ila kwa kidole huwezi kuitofautisha kwa uhakika na lipoma.

Picha husaidia. Ultrasaundi inaonyesha kama ndani kuna maji, damu inayotembea au nyama. MRI, picha ya mashine ya sumaku, inatambua mafuta vizuri zaidi, lakini kwa kinundu kidogo kilicho mbele ya ulimi sioni sababu ya kumtoza mtu pesa hizo. Kikiwa kikubwa, au kimezama, au kiko nyuma ya ulimi, hapo ndipo naiomba.

Mwl_Luanda

Daktari, shukrani. Hapa kwetu Luanda watu wanasema ni kwa sababu ya mafuta ya kupikia na nyama nyingi. Je, mtu akiacha vyakula vya mafuta, donge linanywea?

Dkt_Meno_Kakamega

Halinywei, Mwalimu. Mafuta yaliyo ndani ya lipoma mwili hauyatumii kama unavyotumia ya tumboni. Mtu anaweza kukonda kabisa na lipoma ikabaki ilivyo, hata ikaonekana kubwa zaidi kwa kuwa mwili wa pembeni umepungua. Wembamba wanapata, wanene wanapata. Katika lipoma nyingi wanasayansi wamekuta mabadiliko kwenye kromosomu ya 12 ndani ya seli zenyewe, na ziko familia ambazo lipoma za ngozi hurithiwa. Sufuria ya mama haina hatia.

Kuna ugonjwa mmoja unaohusiana na pombe nyingi ya muda mrefu, ambao mafuta hujikusanya shingoni na mabegani pande zote mbili, na mara chache huingia hata ulimini ukavimba wote. Huo ni tofauti na kinundu kimoja.

MamaJunior_S58

Nimesoma hii thredi nikiwa Nakuru, Section 58, na moyo wangu umeenda mbio. Shangazi yangu alikuwa na donge la hivyo hivyo, ila la kwake lilikuwa katikati ya ulimi na lilizama. Alienda kliniki moja ya binafsi, sitaitaja. Akapigwa ganzi, akatolewa, akaambiwa "ni mafuta tu mama, nenda nyumbani". Nilimsindikiza. Niliona kwa macho yangu kile kitu kikifungwa kwenye pamba na kutupwa kwenye ndoo ya taka. Niliuliza kama hakipimwi, nikajibiwa kwamba mafuta hayapimwi.

Sasa donge limerudi mahali pale pale. Tena safari hii anasema ulimi unakuwa mzito akiongea. Hataki kusikia habari ya hospitali tena. Anasema kama ni mafuta tu, kwa nini yamerudi?

Dkt_Meno_Kakamega

Mama Junior, swali la shangazi ni la haki kabisa na linastahili jibu. Linaweza kuwa lile lipoma la kujipenyeza kwenye misuli, likatolewa sehemu. Linaweza kuwa halikuwa lipoma hata siku ile. Tungekuwa na karatasi ya maabara, leo tungesoma mstari mmoja tukajua pa kuanzia. Tena maabara haitupi sampuli: kipande hugandishwa kwenye nta na kutunzwa, kinaweza kukatwa tena na kutazamwa na mtaalamu mwingine. Kwa shangazi hakuna cha kutazama.

Nasema hili kwa uchungu kwa kuwa ni wenzangu wanaolifanya. "Mafuta hayapimwi" si kweli. Mafuta yanapimwa. Nyama yoyote inayotolewa mdomoni inapimwa.

Mpelekeni kwa daktari wa upasuaji wa mdomo na taya katika hospitali kubwa hapo Nakuru. Kwa hali yake, donge lililorudi na limezama, MRI ni ya lazima kabla ya mtu kushika kisu. Mwambieni pia daktari kuhusu huo uzito wa ulimi. Ulimi unasogezwa na neva ya 12 ya kichwa, moja kila upande, nayo hupita chini ya ulimi. Daktari atamwambia autoe nje aone kama unapinda. Hisia ya theluthi mbili za mbele inapita kwenye neva nyingine, na ladha yake inasafiri pamoja nayo. Daktari mzuri atapima haya yote kabla, ayaandike, ili baada ya upasuaji kusiwe na ubishi.

Sista_Bungoma

Mimi ni muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, huku Bungoma. Acha niseme la upande wetu, maana kuna kosa ambalo ndugu wa wagonjwa wanafanya bila kujua.

Hospitali nyingi za huku magharibi hazina mtaalamu wa patholojia. Kwa hiyo sampuli husafirishwa hadi mji mwingine, na mara nyingi ni ndugu anayekabidhiwa chupa apande nayo matatu. Nimeona ndugu amemwaga dawa kwa sababu ilikuwa inanuka, akatia maji. Nimeona mwingine ametia spiriti. Mwingine aliiweka kwenye friza nyumbani akidhani inaharibika. Kwa maji nyama inaoza. Kwenye friza barafu inapasua seli. Mtaalamu akija kutazama anakuta vurugu, na majibu yanaandikwa "sampuli haifai". Mgonjwa ameshakatwa, na huwezi kumrudishia donge ukalitoa upya.

Dawa ile ni formalini ya asilimia 10. Iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama ikikaa mle inakuwa ngumu na haitatoka kwenye mdomo mwembamba. Kifuniko kikazwe, chupa iwekwe wima ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na chakula na watoto. Usiinuse, inachoma macho na pua.

Kabla hujaondoka soma lebo. Jina kamili, umri, tarehe, na ni ulimi upande gani. Kisha soma fomu: imeandikwa donge limekaa muda gani, lina ukubwa gani, liliwahi kutolewa au la? Kwa shangazi wa Mama Junior hilo la "liliwahi kutolewa" ni muhimu sana. Mtaalamu wa patholojia anasoma fomu kwanza, halafu darubini.

Nami hupenda kuwaeleza wagonjwa kinachoendelea huko, huwa wanatulia. Kipande kinapitishwa kwenye alkoholi na kemikali nyingine, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi. Zile kemikali zinayeyusha mafuta, kwa hiyo chini ya darubini seli ya mafuta inaonekana tupu, nyeupe, kiini kimesukumwa ukingoni. Mtaalamu anatafuta kama viini vyote ni vidogo na vinafanana. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyo hiyo. Msiwagombeze watu wa maabara.

Mzee_wa_Kimilili

Nawasikiliza vijana. Lakini msiwadharau wazee wetu. Babu yangu alikata vimeo na kuondoa vinyama vya mdomoni, na watu walikuja kutoka mbali. Wengi walipona. Hospitali zilikuwa wapi wakati huo?

Sista_Bungoma

Baba, shikamoo. Hatumdharau babu, alifanya kazi kwa alichokuwa nacho, na watu hawakuwa na pengine pa kwenda. Ila leo nikuambie tunachokiona thieta. Lile fundo la mishipa ya damu alilolitaja daktari linaweza kuwa laini vile vile, halina maumivu vile vile. Ukilipasua au kulichoma kwa chuma, damu inatoka kwa kasi ambayo kitambaa hakiwezi kuizuia. Ulimi una damu nyingi kuliko unavyofikiri. Mgonjwa anaimeza, inaingia kwenye njia ya hewa, na kutoka kijijini hadi thieta barabara unaijua. Waliopona walirudi kumshukuru babu. Wale wengine hawakurudi kusimulia.

Mzee_wa_Kimilili

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho nimelisikia.

Kijana_Njoro

Daktari samahani, nina miaka 22, niko chuo hapa Njoro. Baada ya kusoma huu uzi nimejiangalia kwa kioo. Nyuma kabisa ya ulimi nina vinundu vimejipanga mstari, vingi, pande zote mbili. Haviumi. Sijalala. Ni lipoma?

Dkt_Meno_Kakamega

Lala, kijana. Hivyo unavyo wewe, ninavyo mimi, na anavyo kila anayesoma hapa. Nyuma ya ulimi kuna vinundu vikubwa vya ladha, 8 hadi 12, vilivyojipanga kwa umbo la V. Pembeni nyuma kuna mikunjo mingine na tezi zinazovimba ukiwa na mafua. Kipimo rahisi ni ulinganifu: kilichopo kushoto na kulia sawasawa kwa kawaida ni umbile. Kinachohitaji kutazamwa ni kile kilichoota upande mmoja na hakikuwepo zamani.

Umenikumbusha jambo moja la nyuma ya ulimi ambalo linapaswa kujulikana. Mtu anaweza kuwa na donge moja, katikati kabisa, nyuma, na likawa ni tezi ya dundumio (thyroid), ile ya shingoni inayotengeneza homoni. Mtoto akiwa tumboni mwa mama tezi hiyo huanzia kwenye shina la ulimi kisha hushuka hadi shingoni. Mara chache hukwama pale juu. Na wengi wa watu hao hawana nyingine, hiyo iliyokwama ndiyo wanayoitegemea. Ukiikata ukidhani ni mafuta, umemwondolea mtu tezi yake pekee, na atameza dawa ya homoni maisha yake yote. Ndiyo sababu donge la nyuma katikati halikatwi kabla ya picha. Mganga hawezi kulijua hilo kwa kutazama, na mimi pia siwezi.

Mchuuzi_Kibuye

Mimi naomba mtuambie basi dalili za kukimbia nazo hospitali bila kungoja. Hapa sokoni wanawake wenzangu wana vidonda vya mdomo na wanapaka chumvi tu.

Dkt_Meno_Kakamega

Dada, kidonda chochote cha mdomoni ambacho hakijapona kwa wiki mbili kionwe. Hiyo ndiyo ya kwanza na ndiyo kubwa. Halafu donge gumu, lisilosogea, hasa ukingoni mwa ulimi. Doa jeupe au jekundu lisilofutika. Ganzi ya ulimi isiyo na sababu. Maumivu ya sikio wakati sikio lenyewe ni zima. Tezi ngumu shingoni. Donge linalokua kwa kasi. Anayevuta, anayeweka ugoro mdomoni, na anayekunywa pombe nyingi ana hatari zaidi, na akichanganya tumbaku na pombe hatari inapanda sana.

Sista_Bungoma

Na tuseme wazi, kwa eneo letu: madoa au vinundu vya zambarau mdomoni, hasa kwenye kaakaa, vinaweza kuwa kaposi sakoma, aina ya saratani inayokwenda pamoja na virusi vya HIV. Inatibika, na dawa za ARV ndizo msingi wa matibabu hayo. Mtu asijifiche nyumbani kwa aibu. Mficha uchi hazai.

Boda_Kondele

Nyathi_Ahero, mzee alikula nini baada ya kushonwa? Na sasa anaongea vipi?

Nyathi_Ahero

Siku ya kwanza ulimi ulivimba, tukaogopa kidogo, lakini tulikuwa tumeshaambiwa. Alikunywa uji wa wimbi uliopoa na maziwa ya baridi. Hakuna cha moto, hakuna pilipili, hakuna ndimu. Tulionywa asile chochote kabla ganzi haijaisha, kwa sababu mtu anaweza kujitafuna ulimi bila kuhisi. Kesho yake akaanza kusukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, taratibu, bila kusukuma kwa nguvu. Alisafisha meno kama kawaida, akikwepa mshono. Nyuzi zilidondoka zenyewe. Ulimi hupona haraka, hilo tulilishuhudia.

Kuna jambo nilisahau kuandika juu. Baba hutumia dawa ya presha na aspirini ndogo kila siku. Daktari aliuliza mapema na akatoa maelekezo yake. Msifiche dawa, na msiziache wenyewe kwa kuogopa damu. Kuacha ghafla dawa ya moyo kunaweza kuleta balaa kubwa kuliko kinundu.

Anaongea vizuri. Zile "s" zimerudi. Pale mshono ulipokuwa alihisi ganzi kidogo kwa muda, ikapungua yenyewe. Tumepewa tarehe za kurudi kuangaliwa, na karatasi ya maabara nimeipiga picha, nakala nyingine iko kwa mama pamoja na hati za shamba.

MamaJunior_S58

Nimempigia shangazi simu nikamsomea huu uzi wote, na majibu ya daktari nimeyarudia. Amenyamaza sana, halafu akaniuliza hiyo MRI inauma? Nikamwambia sidhani. Daktari, nimejibu sawa?

Dkt_Meno_Kakamega

Umejibu sawa. Haiumi. Analala ndani ya mashine yenye kelele nyingi, anapewa vya kuziba masikio, na asitikisike. Avue vito vyote vya chuma. Kama amewahi kuwekewa chuma chochote mwilini, mashine ya moyo au klipu ya upasuaji, aseme kabla hajaingia chumbani. Meno ya bandia ya kutoa ayatoe.

Aende na karatasi yoyote aliyopewa kwenye ile kliniki, hata risiti tupu, kwa ajili ya tarehe. Wakikataa kumpa kumbukumbu zake, aombe kwa maandishi, ni haki yake. Na siku ya upasuaji mtu mmoja wa familia awe na kazi moja tu, ya chupa.

MamaJunior_S58

Nimekubali hiyo kazi. Tunaenda Alhamisi.